Kumfikisha mahakamani muuza dawa wa uongo: mwongozo kwa watu wa Mwanza na visiwani

Anayekuja kulalamika kuhusu dawa ya kienyeji au ya "virutubisho" kwa kawaida huanza hivi: "Nimeitumia yote na sijapona." Inauma, lakini kwa maneno hayo peke yake hakuna atakayefungwa. Hata hospitali ya Bugando kuna watu wanaotumia dawa zote na hawaponi, wala hatuwashtaki madaktari kwa hilo. Kinachomtia muuzaji hatiani ni yale aliyokuambia kabla hujatoa hela: je, yalikuwa uongo, yeye alijua ni uongo, na wewe ulitoa hela kwa sababu yake? Kesi nyingi hufia hapo, kwa kuwa mlalamikaji anakuja na chupa tupu na hasira bila maneno yenyewe.

Tuelewane mapema. Mwongozo huu hauwapigi vita waganga. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua, na ina baraza lake linalowasajili. Mzee anayeuza magome Igoma na kukwambia "hii inapunguza gesi tumboni" hana kesi na mtu. Tunayemzungumzia ni yule wa spika juu ya gari, wa redio saa ya magazeti, au wa grupu la WhatsApp, anayetangaza kwamba anaponya kisukari, siko seli, tezi dume na mirija iliyoziba kwa chupa moja ileile.

Kwanza: yapate maneno, tena yaleyale

Kabla ya kumpigia simu kumtukana, kabla ya kumwambia unaenda polisi, kusanya alichosema. Akishajua umekasirika, matangazo yanafutwa, namba inazimwa, na kibanda kinahama kutoka Buzuruga kwenda Buhongwa usiku mmoja.

Tangazo la mtandaoni lipige skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na namba ya simu, siyo picha ya chupa peke yake. Klipu ya sauti au video ihifadhi kama ilivyokuja, usiikate wala kuiongezea maandishi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama inapokea ushahidi wa namna hii, ila chini ya kifungu cha 18 hakimu ataangalia jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa kabla ya kuuamini. Kwa hiyo simu uliyopokelea ujumbe usiiuze, usiifomati, na usimpe mtoto aichezee. Klipu iliyopita kwa watu kumi kabla ya kukufikia ina nguvu ndogo kuliko sauti aliyokutumia yeye mwenyewe.

Kama ni tangazo la redio, andika jina la kipindi, siku, saa na maneno uliyoyasikia, uandike siku hiyohiyo. Kama ni mazungumzo ya ana kwa ana, kaa chini jioni ileile uyaandike kama yalivyokuwa, na aliyekuwa pamoja nawe aandike yake pembeni bila kuchungulia ya kwako. Tuseme mazungumzo yalikuwa hivi:

"Dokta, hii inashusha sukari au inaitibu?"

"Mama yangu, inaitoa kabisa. Wiki tatu unakula mpaka keki."

"Na sindano zangu za insulini?"

"Hizo weka kabatini. Zinapigana na dawa. Soma hapo, Mkemia Mkuu kashapitisha."

Andika yote hayo, pamoja na keki. Usiandike "aliniambia nitapona." Huo ni muhtasari wako, na wakili wa upande wa pili anaupenda sana muhtasari.

Pili: chagua uongo unaothibitika

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, inamwadhibu anayejipatia mali kwa udanganyifu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Lakini upande wa mashtaka lazima uthibitishe, pasipo kuacha shaka, kwamba maneno yalikuwa ya uongo na msemaji alilijua hilo. Ndiyo maana si kila uongo wa muuzaji una faida kwako.

Tazama mazungumzo ya hapo juu. "Wiki tatu unakula mpaka keki" ni ahadi ya kesho na majigambo ya biashara. Atasema aliamini hivyo, ataleta watu watano waape kwamba wao walipona, na hakimu atabaki na maneno dhidi ya maneno. "Inaitoa kabisa" ni nzito zaidi, lakini kuipangua kunahitaji daktari kizimbani. Sasa tazama sentensi ya mwisho: Mkemia Mkuu kashapitisha. Hilo ni jambo ambalo ama lipo kwenye mafaili ya serikali au halipo. Barua moja kutoka Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inamaliza ubishi, na muuzaji hawezi kusema hakujua, maana cheti anachodai kuwa nacho ni chake.

Tafuta uongo wa aina hiyo. Karibu kila mara upo, kwa sababu wauzaji hawa wanapenda kuazima heshima ya taasisi. Unaokutana nao sana ni huu.

Wa kwanza ni "imesajiliwa." Muulize nini kimesajiliwa. Jina la biashara kusajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakuhusiani na dawa. TIN ni ya kodi. Mganga kuwa na cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala hakumaanishi kwamba kila chupa yake imesajiliwa. Kituo kina usajili wake, na dawa ina wake. Nimeona kwenye meza za wauzaji leseni ya biashara ya halmashauri imewekwa fremu ya kioo, inang'aa, na wateja wanaiheshimu kama cheti cha udaktari.

Wa pili ni huo wa Mkemia Mkuu. Hata pale karatasi ya maabara ni ya kweli, soma kilichopimwa. Kwa kawaida maabara inaangalia usalama: kama kuna sumu au metali nzito. Kwamba dawa haikuui hakumaanishi inakuponya. Muuzaji anayegeuza ripoti ya usalama kuwa ushahidi wa tiba anadanganya akiwa na karatasi halali mkononi, na karatasi hiyohiyo ndiyo itakayomfunga.

Wa tatu ni "Dokta." Kwa mujibu wa sheria ya taaluma za udaktari ya 2017, kujifanya daktari aliyesajiliwa ni kosa, na Baraza la Madaktari Tanganyika lina orodha yake. Jina lipo au halipo.

Wa nne ni mashine. Kile "kipimo cha mwili mzima" unachoshikishwa kijiti cha chuma chenye waya ulioingia kwenye kompyuta, na baada ya muda mfupi zinatoka karatasi kibao: ini lina shida, figo zimechoka, kizazi kina sumu, mifupa inakosa madini. Hukutolewa tone la damu wala la mkojo. Karatasi hizo zitunze kama dhahabu. Zina jina lako, tarehe, na majibu ambayo kipimo cha kawaida cha damu pale hospitali ya Sekou Toure kinaweza kuyapinga siku hiyohiyo.

Marekani walijifunza jambo linalofanana na hili kwa familia ya Grenon ya Florida, baba na wanawe watatu, waliouza maji yanayogeuka kuwa kemikali ya kung'arishia nguo na karatasi, wakidai yanaponya saratani, malaria na UKIMWI, chini ya kivuli cha kanisa. Mwaka 2020 mahakama iliwaamuru waache kuuza. Hawakuacha. Walitiwa hatiani 2023, na wale wana wawili waliokutwa na hatia ya kukaidi amri ile pia walipata zaidi ya miaka 12 kila mmoja, wakati baba na mwana mwingine walipata miaka 5. Ukaidi wa amri ulikuwa na uzito kuliko udanganyifu wenyewe. Nitarudi kwenye hilo.

Tatu: chupa, risiti, muamala

Dawa iliyobaki usiimwage na usiimalizie. Iache kwenye chombo chake pamoja na lebo, funga, tia kwenye bahasha ya karatasi, andika tarehe na jina lako, weka mahali pakavu mbali na watoto. Kama hukufungua chupa ya pili, hiyo ndiyo bora kuliko zote, maana hakuna atakayesema uliongeza kitu.

Usiipeleke maabara mwenyewe kwa haraka. Majibu yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yasifae, kwa sababu swali la kwanza mahakamani litakuwa: nani alikaa na kielelezo, tangu lini, na alimkabidhi nani? Mwache mkaguzi au mpelelezi aichukue kwa hati, wewe utie sahihi, nakala ubaki nayo. Maabara isiposikia sauti yako hata mara moja, ni heri.

Kwa dawa za nguvu za kiume na za maumivu ya viungo, uchunguzi huu una faida ya pekee. Duniani kote dawa za "mitishamba tupu" za aina hizi zimekutwa zimechanganywa na dawa za viwandani, kama sildenafili kwa za kwanza na deksamethasoni au diklofenaki kwa za pili. Ndiyo maana mtu anasikia nafuu siku hiyohiyo. Ikikutwa hivyo kwenye chupa iliyoandikwa "asilia 100%, haina kemikali," kesi imegeuka sura: huna haja tena ya kubishana kama ilikuponya.

Risiti hakuna anayetoa, hilo tunalijua. Lakini meseji ya muamala ipo. M-Pesa au mtandao wowote, chapisha taarifa ya miamala yako kabla meseji hazijafutika. Jina linalotokea ukilipa lipa namba mara nyingi ni tofauti na jina la kwenye tangazo, na tofauti hiyo mpelelezi ataifurahia.

Nne: hospitali

Mgonjwa kwanza. Kama aliacha insulini, ARV, dawa za presha au haidroksiyurea ya siko seli kwa ushauri wa muuzaji, arudi kliniki leo, siyo baada ya kuandika malalamiko. Amweleze daktari wazi alichokunywa na alichoacha, kwa maana faili litaandika hivyo, na faili ndilo litakalosema sukari ilikuwa ngapi kabla na ngapi baada. Kama amedhurika, chukua PF3, fomu ya matibabu ya polisi, ila matibabu ya dharura yasisubiri karatasi.

Muombe pia mhudumu ajaze taarifa ya madhara ya dawa kwenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Fomu zipo kwenye vituo, na mgonjwa mwenyewe anaweza kutoa taarifa.

Tano: mlango wa kubisha

Wengi wanakimbilia polisi kwanza, wanaambiwa kaunta, "Hii ni kesi ya madai, nenda kadaiane naye mahakama ya mwanzo." Wanarudi nyumbani wamechoka. Afande hajakosea sana. Akisikia mtu amenunua kitu hakikumfaa, anaona deni. Anza na wenye sheria mahsusi, kisha uende polisi ukiwa na karatasi yao.

TMDA wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Hao ndio wa dawa, zikiwemo zile za viwandani zilizojificha kwenye mitishamba, na vifaa tiba, yaani ile mashine ya kijiti. Wakaguzi wao wana mamlaka ya kuingia, kukagua na kukamata bidhaa, mamlaka ambayo wewe na mwenyekiti wa mtaa hamna. Matangazo ya dawa pia yanahitaji kibali chao. Orodha ya dawa zilizosajiliwa iko kwenye tovuti yao. Itazame kabla hujaenda, kisha uandike kwenye malalamiko kwamba hukuiona.

Kwa mganga wa tiba asili, nenda kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako, ofisi ya Mganga Mkuu wa Nyamagana, Ilemela, Sengerema, Ukerewe au ulipo. Huyu anajua nani ana cheti na nani amekipamba ukutani bila kukihuisha. Baraza linaweza kumfutia usajili, na kwa waganga wengi hilo linatisha kuliko faini.

Kama ni "kirutubisho" au chai ya kupunguza unene, inaweza kuangukia kwenye chakula, na tangu 2019 chakula kiko TBS, shirika la viwango, badala ya mamlaka ya dawa. Usihangaike kukisia. Peleka TMDA, wakikwambia siyo yao, waombe wakuandikie hivyo. Tume ya Ushindani nayo inahusika na matangazo yanayompotosha mlaji. Redio zipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Barua yako iwe ya kurasa moja au mbili. Nani, wapi, lini, alisema nini (kwa maneno yake), ulilipa kiasi gani kwa njia gani, una vielelezo gani. Usimwite tapeli ndani ya barua, acha maneno yake yamwite. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa.

Na hapa ndipo narudi kwa wale wa Florida. Omba mamlaka imwandikie muuzaji katazo, kwa maandishi, apokee kwa sahihi. Watu wanaona katazo ni adhabu ya huruma, wanataka pingu leo. Mimi naona ni mtego mzuri kuliko yote. Akiendelea kuuza baada ya katazo, hawezi tena kusema hakujua, na kutojua ndilo pango lao kuu.

Sita: polisi na jalada

Sasa nenda kituoni na nakala zako, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, toa maelezo. Soma kila ukurasa kabla ya kusaini. Kama afande ameandika "alinihakikishia nitapona" mahali uliposema "alisema imepitishwa na Mkemia Mkuu," muombe kwa adabu arekebishe. Jalada likikamilika linakwenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na huko ndiko inakoamuliwa kama kuna kesi na kwa kosa gani. Pata jina la mpelelezi na namba ya jalada, ulizia kila baada ya wiki kadhaa bila kugombana.

Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanasaidia haya bure. Uliza ofisi ya kata. Kwa watu wa visiwani, ambao kila safari ya Mwanza ni nauli ya meli na siku imepotea, waombe wakupangie TMDA na polisi siku moja.

Mambo matatu yanayoharibu kesi

Usimwanike mtandaoni. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachoweza kumkamata yeye kwa kudanganya umma, kinaweza kukugeukia ukiandika jambo usiloweza kulithibitisha, na adhabu yake inaanzia faini ya milioni 5 au kifungo cha miaka 3.

Usipokee "hela ya kuyamaliza" kimyakimya. Ukishapokea na kusaini, shahidi muhimu amejiondoa, na kesho atauziwa jirani yako.

Na tafadhali, usiruhusu habari hii igeuke kuwa ya uchawi. Huku Usukumani tumezika bibi wengi wasio na hatia kwa neno hilo. Lalamiko lako ni la chupa, bei na maneno. Mtu akianza kuuliza "amekuroga?", mrudishe kwenye chupa. Watu wakianza kukusanyika nje ya kibanda chake, piga simu polisi wewe mwenyewe, hata kama unamchukia.

Saba: kizimbani

Aibu ndiyo inayowatoa mashahidi wengi, hasa wa nguvu za kiume na wa uzazi. Mwaka 2011 magari yalijaa barabara ya Samunge, Loliondo, watu wa kila daraja wakipanga foleni kwa kikombe cha dawa ya babu cha shilingi 500, na mawaziri wamo. Kuamini tiba ukiwa mgonjwa si ujinga. Kama jambo lako ni la faragha, mwambie mwendesha mashtaka mapema, aone kama inawezekana kuomba mahakama isikilize ushahidi wako bila watu.

Jiandae kwa swali moja kwa hakika: "Shahidi, ulitumia dawa kama ulivyoelekezwa?" Likija, usianze kueleza jinsi ulivyoteseka. Jibu ndiyo au hapana, kisha nyamaza. Likifuata "Kwa hiyo unalalamika kwa kuwa hukupona?", jibu lako ni lile la tangu mwanzo: nalalamika kwa kuwa aliniambia imepitishwa na Mkemia Mkuu, na haikupitishwa, na ningejua hivyo nisingetoa elfu themanini yangu.

Mwendesha mashtaka mkumbushe, kabla ya hukumu, kwamba unaomba fidia. Mahakama ikimtia hatiani inaweza kuamuru alipwe aliyedhurika, lakini mara nyingi hakuna anayeomba, na hakimu hatoi kisichoombwa. Mpe orodha: bei ya dawa, nauli, na gharama za hospitali zenye risiti.